Pumzi Yangu Si Thelathini na Nane

Kwa Daktari Sofien,

Nakuita Daktari kwa sababu mjukuu wangu asingekaa miezi mitatu bila kuja kunisalimu. Mji wetu wa Nabeul haujahama, na mlango wangu bado ni wa buluu. Rim, binti ya mjomba wako, anaandika, mimi nasema. Akiongeza neno lake nitamjua atakaponisomea.

Nalalamikia mashine yako ya kupima nguvu ya misuli ya kupumulia kwa watu wazima wenye afya, kama ifuatavyo:

1. Ulinibana pua kwa kibanio, kama soksi kwenye kamba, mbele ya majirani. Nilikubali, maana ulisema ni kwa faida ya taifa.

2. Ulisema puliza, nikapuliza kwa nguvu zangu zote mpaka masikio yakaziba. Ukasema, "Bibi, sentimita thelathini na nane za maji. Wa rika lako hufika sabini." Maji gani? Pumzi iliyosukuma watoto saba duniani unaipima kwa maji?

3. Ulisema kwa sauti! Tangu siku hiyo mkwe wangu Mongia, mama yake Rim, amenipokonya chungu cha kuskusi. "Mama, keti, pumzi yako ndogo." Nikipanda ngazi ananifuata na kiti.

4. Hili ndilo linaloniua. Alhamisi Rim anaolewa. Vigelegele vya kumtoa bibi harusi mtaani kwetu huvianzisha mimi, miaka arobaini sasa. Mongia amempa kazi hiyo Bahija, jirani! Bahija akipiga kigelegele utadhani birika limesahauliwa jikoni. (Rim analia, ndiyo maana wino umetapakaa.)

Mashine iliyonikosea mimi imewakosea wote. Kwa heshima naomba uchane karatasi zako zote, upime upya wanawake wa nchi nzima, na serikali imwandikie Mongia barua yenye muhuri kabla ya Alhamisi.

Wasalimu mkeo, wauguzi, na yule bwana mwembamba anayebeba mashine, mwambie ale.

Mimi mwenye pumzi,
Bibi yako Neziha

Baada ya sahihi: Rim ameapa hatasema. Sikupuliza kwa nguvu zote. Bahija alikuwa kwenye benchi lile lile nami, na jicho lake la husuda ndilo lililokausha mlimau wa Mongia. Nani aanike afya yake yote mbele ya jicho lile? Nilipuliza robo. Benchi zima tulipuliza hivyo hivyo. Hata Bahija alijibana, akiniogopa mimi. Mashine yako haina kosa.

Njoo Jumatano asubuhi, Bahija akiwa ameenda kuoga hamamu, na mashine chini ya koti. Funga mlango kwanza. Namba ikitoka usiitaje, hata kwangu. Mwambie Mongia tu anirudishie vigelegele vyangu.