Kitambaa cha Marehemu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ukungu mpaka saa nne. Kahawa imelowa, vidole vimekufa ganzi. Jioni nikafagia chumba, nikatandika shuka la kijani, nikachemsha chai ya tangawizi. Saa moja na nusu ikaanza tamthilia ya Kituruki, Pete ya Nermin. Raphaeli hakuja!

Raphaeli ni fundi wa mashine ya kumenya kahawa hapa shambani. Mtu wa Mbulu. Hana mke, anasema anajenga kwanza. Anajenga toka nimjue, nyumba haijafika linta ya madirisha. Toka tamthilia hii ianze mwezi wa pili anakuja kwangu kila jioni. Anavua buti mlangoni. Anakaa upande wa kushoto wa kitanda, mimi wa kulia, maana kiti sina. Nermin akilia, Raphaeli anatoa leso, ananipa mimi kwanza. Hatujawahi kusema kitu. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, napenda wanaume toka nachunga mbuzi Singida, na kwa leso ile nimeridhika.

Nikauliza yuko wapi. Yuko kwa Penina! Penina mpishi wa kambi, mjane, yule mwenye bati jipya. Amenunua TV ya flati, pana kama mlango wa choo. Ya kwangu ni chogo, ile ya zamani yenye mgongo. Nermin anatokea wa kijani mpaka niipige kofi.

Tamthilia inaisha Jumatatu tarehe 18. Sehemu ya mwisho Raphaeli ataitazama kwangu. Nimeapa.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa kwanza. Nikamfuata Raphaeli kwenye mashine, nikamwambia kama ndugu: jihadhari, Penina anatafuta mume. Nilijua atakimbia. Mwanaume anayejenga muda wote huo anakimbia nini kama si mke? Akafikiri. Akasema mama wa watu anapika vizuri lakini. Akaendelea kupaka grisi.

Jioni nikaenda mwenyewe kupeleleza. Penina akanipokea, karibu shemeji, kaa shemeji. Ananiita shemeji sababu alikuwa rafiki wa marehemu mke wangu, Valeria. Chai ya maziwa. Maandazi ya moto. Na Nermin kwenye flati anaonekana mpaka vinyweleo! Gauni lake la harusi nilidhani jeupe. Kumbe rangi ya maziwa mabichi, na kola imefumwa kwa mkono. Miezi yote hiyo sikujua! Nilifurahi, halafu nikakasirika kwamba nimefurahi. Raphaeli alikaa kwenye kochi. Kochi! Leso hakutoa. Watoto wa jirani walijaa, mmoja alikaa juu ya mguu wangu mpaka ukafa ganzi.

Nikasema TV za flati zinaua macho. Penina akasema basi fumba, shemeji, usikilize sauti. Wote wakacheka. Raphaeli pia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima, hakuna kazi. Mpango wa pili. Huu ni wa akili.

Mimi nafuma vitambaa. Valeria alinifundisha mwaka wa kwanza wa ndoa, alipoona mambo mengine hayaendi. Alisema basi tufume. Alijua nilivyo, hakunisema popote. Tukafuma pamoja miaka yote, mlango umefungwa, redio juu. Amekufa mwaka wa nne sasa. Kila mavuno napeleka kitambaa kimoja mnada wa kanisani, nasema kiliachwa na marehemu kwenye sanduku. Mwaka wa kwanza ilikuwa kweli. Mwaka jana mchungaji akasema marehemu alikuwa mchapakazi sana. Nikajibu amina.

Sasa. Raphaeli aliwahi kushika kitambaa cha juu ya chogo langu, akasema angepata kama hicho cha kufunika redio yake. Kumpa mkononi siwezi. Kambi ina macho. Mwanaume kumpa mwanaume kitambaa cha maua ni maneno ya mwaka mzima. Lakini akikinunua mnadani, mbele ya usharika, nani atauliza? Si ametoa pesa ya Bwana. Kitakaa juu ya redio, kila akiwasha atanikumbuka. Na atarudi kwenye chogo.

Nikateremka Karatu mjini kununua uzi. Ismaili mwenye duka akauliza ni wa nani. Nikasema wa binti yangu. Sina binti. Akatoa mweupe. Nikasema si huo, ule wa rangi ya maziwa mabichi, mwembamba, usiotoa manyoya. Akaniangalia. Nikasema binti ndiye kasema.

Jumanne, 12 Agosti

Kufuma na kuchuma kahawa haviendani. Utomvu unaganda vidoleni, mweusi, ukishika uzi imekula kwako. Kila jioni nasugua mikono kwa majivu na limau kabla sijagusa sindano. Leo nyapara wetu, Inosenti, kaukamata mkono wangu mbele ya watu. Akauliza huu ni wa kibarua au wa karani wa benki? Nikasema nina fangasi. Sasa hakuna anayenisalimia kwa mkono.

TV nimezima jioni zote nipate kufuma. Nermin ameibiwa pete au ameirudisha, sijui. Kumuuliza Raphaeli ni kukubali nimeshindwa.

Katikati ya kitambaa nimeweka ile pete yake, yenye jiwe kama chozi. Imekaa! Lakini chini imebaki nafasi tupu. Nafasi tupu inaniudhi. Nikafuma NERMIN. Herufi nzuri kuliko hizi ninazoandika. Darasa la nne halikunisaidia, sindano imenisaidia.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemaliza. Nimekifua, nimekipiga pasi ya mkaa, nimekikunja pete ikiwa ndani isichafuke.

Nikamwambia Raphaeli kesho mnadani kuna kitambaa cha marehemu, kinafaa redio yake. Akasema ataangalia. Nikasema usiangalie, nunua. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Halafu akasema Penina amealika watu kutazama sehemu ya mwisho, anachinja kuku.

Kuku! Mimi nina maharage.

Jumapili, 17 Agosti



Baada ya ibada tukatoka nje, mnada ukaanza. Dalali ni mzee wa kanisa, Yohani, sauti yake inafika Oldeani. Maboga, jogoo, debe la mbaazi, vitunguu. Halafu akainua kitambaa changu kikiwa kimekunjwa. Akasema hiki cha marehemu Valeria, jamani, mikono mingine haifi! Raphaeli akataja bei. Nikajua yamekwisha.

Hayakwisha. Penina akapandisha! Raphaeli akapandisha. Penina tena, anacheka, anapunga kanga. Raphaeli akashusha mkono. Nikaona kitambaa changu kinaenda kukaa juu ya ile flati. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikapandisha mimi.

Mzee Yohani akauliza, ndugu Dominic, unanunua ulichotoa? Nikasema ni uchungu wa marehemu. Watu wakasema maskini. Yangeishia hapo. Lakini Yohani akataka waumini wakione kitu kinachopiganiwa na watu watatu. Akakikunjua. Akakiinua kama bendera. Akasoma: Ner-min.

Nermin ameanza kwenye TV mwezi wa pili mwaka huu. Valeria yuko kaburini mwaka wa nne. Hesabu hiyo hata watoto wa shule ya Jumapili wanaiweza.

Wa kwanza ni Inosenti. Akasema labda huko aliko marehemu wana king'amuzi. Kikalipuka kicheko mpaka jogoo wa mnada akakata kamba. Mchungaji akajifuta macho. Halafu Inosenti akaacha kucheka, akatazama mikono yangu. Akauliza polepole, au mzee ndiye anafuma mwenyewe? Ndiyo maana mikono misafi? Na jioni anajifungia ndani na nani vile?

Hapo hakuna aliyecheka. Namjua mtu aliyehama Singida na shuka moja kwa maneno machache kuliko hayo. Nikatazama viatu vyangu. Raphaeli akatazama vyake.

Penina akasema, ni mimi. Hivyo tu, kama anaomba chumvi. Akasema Valeria alimwachia nusu, amemalizia yeye, na amepandisha bei ili kisiende kwa mtu asiyejua kukifua. Akamgeukia Inosenti: baba, unakagua mikono ya wanaume wenzio, ya mkeo umeikagua lini? Kicheko kikarudi, safari hii kikamwangukia nyapara. Makofi. Wanawake wakamzunguka Penina, kila mmoja anataka chake. Mzee Yohani hakujua tena nani kanunua. Penina akasema apewe Raphaeli, ndiye aliyeanza.

Nimepona. Lakini kafuma nini yule? Penina hajui hata kushona kifungo! Ule mshono wa pembeni umenila miaka! Sifa zote kabeba yeye! Leo silali.

Jumatatu, 18 Agosti

Mchana nikaenda jikoni kwa Penina kudai sifa yangu. Kabla sijafungua mdomo akanimwagia furushi la uzi mikononi. Akasema wanawake wa kanisa zima wameagiza, mimi kufuma sijui, kwa hiyo shemeji anza.

Nikasema umenipora. Akasema kaa chini. Nikakaa juu ya gunia la unga.

Akasema Valeria alimwambia yote kabla hajafa. Alimwachia kazi ya kuniangalia, na kazi hiyo ni ngumu kuliko kuipikia kambi nzima. Mume hataki. Alikuwa naye mmoja, akamtosha mpaka leo. Alimwita Raphaeli sababu kambi ilishaanza kunong'ona: wanaume wawili, chumba kimoja, kila jioni, mlango umefungwa. Kwake mlango uko wazi, kuna watoto, kuna maandazi. Alijua akimvuta Raphaeli na mimi nitafuata nikinuna. Watu wakituona wote wawili pale watasema tunamgombania yeye. Waache waseme.

Nikauliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema wewe? Nikikupa siri si utaifuma kwenye kitambaa?

Nikachukua uzi.

Jioni tukatazama mwisho. Kuku wa mchuzi, na alikuwa mtamu, naandika kwa shida. Watoto wakalala kwenye mkeka. Nermin hakuolewa na yeyote! Kaitupa pete kisimani, kaenda mjini kufungua saluni. Nililia kama mtoto. Penina akaenda jikoni kutafuta chumvi, akaitafuta mpaka majina ya waigizaji yakaisha kupita. Raphaeli akatoa leso. Akanipa mimi kwanza.

Halafu akasema chinichini kwamba kitambaa kipo juu ya redio. Na mshono wa pembeni ni uleule wa kitambaa cha juu ya chogo langu, aliutambua palepale kilipokunjuliwa.

Nikamuuliza mbona sasa ulishusha mkono. Akasema pesa iliyobaki ni ya bati.

Jumapili, 24 Agosti

Wiki nzuri. Kambi yote inasema mimi na Raphaeli tunamgombania Penina, kama alivyotaka. Hakuna anayeuliza habari ya mikono. Inosenti kila asubuhi ananipa pole. Tamthilia mpya imeanza, ya Kifilipino, mapacha waliopotezana hospitalini. Tunaitazama kwa Penina, mimi na Raphaeli kochi moja, watoto chini. Vitambaa vya kanisa nafuma nyuma ya pazia lake la jikoni. Mtu mwenye akili angenyamaza.

Lakini pole ya nini? Leo baada ya ibada nikauliza. Mzee Yohani akanishika bega, akasema usiumie, mdogo wangu, wanawake wa siku hizi wanataka mwanaume mwenye nyumba. Kumbe wanasema Raphaeli kashinda! Mimi ndiye nimeachwa! Nyumba gani? Ile isiyo na linta? Nikaenda kumwambia Raphaeli. Akacheka mpaka akakohoa. Penina akasema shemeji, kubali kushindwa, kuna afya ndani yake.

Sikubali. Kwa nini nishindwe mimi? Lazima watu waone kwamba Penina ananitaka mimi na kwamba mimi ndiye ninayemkataa. Nimeshapata mpango. Mnada ujao napeleka kitambaa kikubwa cha kufunika flati nzima. Penina atakinunua mbele ya usharika, akilia. Yeye bado hajui kwamba atalia.

Nimeanza jioni hii. Katikati mapacha wa Kifilipino, wameshikana mikono. Wamekaa! Chini imebaki nafasi tupu. Nimefuma mwaka: 2025.

Nikiulizwa, nitasema alikiacha Valeria.