Vita vya Angetile na Tumbili Mwenye Shuka

Jongeeni, enyi mlao ndizi mkashiba na kusahau zililindwa na nani. Mwenye kikohozi na akohoe sasa, maana habari hii haikatizwi.

Zama zile Mdachi akitawala kandokando ya Ziwa Nyasa, aliolewa pale kijijini Ipyana Angetile binti Yotamu, Mlinzi wa Migomba, Mwenye Mkono Usiokosa. Ndoa yake ilikuwa na miezi mitatu, na siku hiyo mama yake mzazi alikuwa njiani kutoka Njisi, anakuja kumtazama kwa mara ya kwanza. Majeshi ya tumbili yalikwisha kuliteka shamba zima; ulibaki mkungu mmoja tu wa kumpikia mgeni. Ukipotea huo, mama angelala njaa nyumbani kwa bintiye, na aibu hiyo ingemfuata Angetile hadi uzeeni.

Basi akashika zamu. Mara akaliona shuka la baba mkwe wake, Mzee Asajile, likisogea kati ya migomba. Nanyi mwaijua sheria ya Wanyakyusa: mke hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hapiti njia yake. Angetile akajitupa majanini, akafunika uso kwa kaniki, huku akisikia maganda yakidondoka, pu, pu, chini ya mkungu wake. Moyo ukamuuma. Mkwe gani huyu, alaye ndizi mbichi za mgeni?

Ndipo sauti nzito ikatoka nyuma ya zizi la ng'ombe. Ilikuwa ya Mzee Asajile mwenyewe. Naye kwa kuichunga sheria hiyohiyo hakusema na Angetile. Alisema na kuku mwenye madoa aliyekuwa akiparura hapo katikati.

“Ewe kuku, uliyeatamia mayai tisa usimwogope kicheche, mwambie mke wa mwanangu kwamba mimi niko huku, kama nilivyozaliwa. Nilikuwa naoga. Aliyevaa shuka langu ni mwizi.”

“Ewe kuku,” akajibu Angetile, uso ungali chini, “mwambie baba naogopa. Nikiinua macho nikamkuta ni yeye, uso wangu nitauweka wapi?”

“Kuku, muulize, tangu lini mimi nina mkia?”

Angetile akainua jicho moja, kimo cha unyayo tu. Mkia ule pale, mrefu, unachezacheza chini ya pindo. Hasira zikampanda. Akainuka, akang'oa bonge la udongo, akalivurumisha kwa nguvu zote za ukoo wake. Likamkosa tumbili, likapiga mgomba. Lakini sisi watunza habari tumekubaliana kulisahau hilo. Tumbili akaruka kwa hofu, shuka likanasa kwenye kisiki, akatokomea porini uchi kama mwenye shuka. Mkungu ulipungukiwa ndizi nne tu.

Angetile akaliokota shuka, akaenda kinyumenyume hadi zizini, akamrushia mzee kwa nyuma, kupitia juu ya bega, bila kugeuka.

Mama alipofika, chungu cha ndizi kilikuwa kinachemka, na mama mkwe ameshika kisu, anamtafuta yule kuku awe kitoweo cha mgeni. Mzee Asajile, sasa kavaa, akanguruma kutoka nyuma ya nyumba:

“Mwacheni. Mjumbe hauawi.”

Wakala ndizi tupu, na mama akashiba, akamsifu bintiye mbele ya wakwe. Mdachi hakuviandika vita hivi katika vitabu vyake, na hasara ni yake. Kuku yule alikufa kwa uzee. Na siku zote za uhai wake, kila Angetile alipopika vizuri, mzee alitoka uani kumtafuta kuku, akamwinamia, akamshukuru kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: “Ndaga fijo, mwanangu.”