Mama, Pasi Yangu ya Mbele

Alhamisi, 6 Juni

Nimesoma nyuma ya tiketi ya tamasha la roki. Mwenye miaka sitini na zaidi ataketi mbele kabisa ya jukwaa, pamoja na msindikizaji mmoja. Mama ana sitini na tatu. Akili ni nywele, na mimi sina kipara. Bwana Najua, mwenzangu kwenye duka la fotokopi, anajigamba wiki nzima kuwa atasimama penye uzio, nyuma tu ya viti vya mbele. Ataona kisogo changu.

Ijumaa, 7 Juni

Mama hajawahi kwenda tamasha lolote. Akauliza kama watu watakuwa wengi. Nikasema wachache, tena wastaarabu. Akasema msongamano humkata pumzi tangu siku alipokanyagwa kwenye foleni. Akataka niape sitamwachia mkono. Nikaapa. Akaenda kupiga pasi gauni lake la kuendea harusini.

Jumamosi, 8 Juni

Watu kama siafu. Viti vya mbele tumepata. Saa kumi gitaa likalia, Mama akanibana vidole hadi vikafa ganzi. Nikamwona Bwana Najua kule uzioni. Nikamwachia Mama mkono kidogo tu, nijipige picha ya kumrusha roho yule bwana. Wimbo mmoja. Haya, mbili.

Kugeuka, kiti kitupu.

Nilitafuta chooni, langoni, hema la huduma ya kwanza. Niliita Mama, wakageuka wanawake kumi, wangu hayumo. Mlinzi akauliza amevaa gauni la rangi gani. Sikujua. Niliogopa sana, na hili daftari nalidanganyia nini?

Nikamkuta nje, ameketi juu ya ndoo, Bwana Najua anampepea kwa kofia. Alikosa hewa, akatafuta njia ya kutoka, umati ukamsomba. Bwana Najua aliacha nafasi yake akamtoa. Mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba niliapa. Afadhali angenizaba kofi.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwomba Mama radhi. Amesema amesikia. Kumbe roki imempendeza: tamasha lijalo ataenda na Bwana Najua, wasimame nyuma penye hewa. Imeniuma.

Nimeamua kubadilika. Kisha nikasoma masharti ya tamasha hilo. Mwenye magongo ataketi mbele, tena na wasindikizaji wawili! Shangazi ana magongo. Nimempigia simu. Anasema anaogopa makelele. Nimemwapia kuwa sitabanduka ubavuni pake.