Baga ya Plastiki

"Eti hayajafungwa!" Redio alijikita mbele ya dirisha la kuuzia kahawa pale mjini Kissimmee, simu mkononi, akisoma habari kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Nusu ya maduka na migahawa ya bustani ya sinema imepigwa kufuli, wageni wanalia njaa, halafu msemaji wao anasema, 'Hatujafunga, tunasubiri kupiga picha za filamu.' Jamani!"

Jina lake ni Nereida, lakini mtu asiyeweza kukaa na habari utamwitaje? Msumari, muuza kofia za kikauboi humo humo bustanini, alicheka mpaka kahawa ikampalia. Mwiko hakucheka. Mgahawa wa kwanza kufungwa ulikuwa ule aliokuwa akipikia yeye, na tangu siku hiyo moyo wake haukuwa na raha.

"Pole, Mwiko kaka," Redio akamgeukia. "Wamekutimua?"

"Hawajanitimua. Wamenipa nafasi ya kuigiza."

"Unaigiza nini?"

Mwiko akashusha sauti. "Nakaa dirishani mwa mgahawa. Nakula."

"Unakula nini na jiko limezimwa?"

"Baga ya plastiki. Ili mtaa usionekane umekufa."

Msumari akajipiga paja. "Mungu wangu! Mpishi mzima, unalipwa kutafuna ndoo!"

"Unameza?" Redio akadakia.

"Naizungusha shavuni. Ikipita familia, nafuta mdomo."

"Na chumvi unaweka?"

"Naweka. Kazi ni kazi."

"Marehemu mama yako aliyekufundisha kutwanga ndizi za mofongo akuone sasa!" Msumari alikuwa anapangusa machozi.

"Mama yangu mwache." Hapo iliuma kweli. Alikuwa anataka kitu kimoja tu, arudishiwe jiko lake. "Jana nimemfuata bosi. Nikamwambia, bwana, nifungulie jiko, watu wana njaa, tazama nje, foleni imefika vyooni! Wananiona natafuna, wanameza mate, wanagonga kioo. Miaka yote niliyopika chakula cha kweli, Redio, nani alipanga foleni? Hakuna hata kichaa mmoja!"

"Bosi kasemaje?"

"Kafurahi. Kasema mgahawa haujawahi kupendwa hivi, basi ubaki umefungwa hivyo hivyo. Na Jumatatu wanafunga duka lingine, nalo lipendwe."

"Lipi tena?" Msumari bado alikuwa na kicheko mdomoni.

"La kofia."

Kicheko kikakatika. Msumari akaweka kikombe chini, akajikuna kidevu, akatazama huku na huku kama mtu aliyeibiwa.

"Sawa," akasema hatimaye. "Si mbaya. Na mimi nitakaa dirishani, nijaribu kofia, nijitazame kwenye kioo. Sura ninayo, jamani. Au vipi?"

Mwiko akamshika bega. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anamhurumia mwenzake.

"Kula kunataka mtu, kaka. Kofia, wamesema, sanamu inavaa."