Kiti cha Mkoba Wangu

Mheshimiwa Mkuu wa Idara,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi nzito ya kuandika nyaraka. Waraka wako wa kutuagiza tuwachangamkie wanafunzi katika saa za kuonana nao nimeutii neno kwa neno. Sasa maji yamenifika shingoni, naomba unisikilize.

1. Kiti. Miaka yote kiti cha wageni ofisini kwangu kilikaliwa na mkoba wangu. Mwanafunzi alisimama, na swali la mtu aliyesimama huwa fupi. Uliamuru mkoba ushuke sakafuni. Sasa wanakaa, wakikaa wanafikiri, na wakifikiri wanagundua hawajaelewa kitu tangu muhula wa kwanza. Lawama hiyo ataibeba nani, mkoba?

2. Mlango. Zamani walikuja kundi, wakasukumana kizingitini, aliyezidiwa nguvu akatoa shikamoo, nikaitikia marahaba, wakaondoka. Saa ya kuonana ilitimia, maana tulionana. Tangu mlango uachwe wazi, wanaingia.

3. Tabasamu. Nililijaribu mara moja. Binti mmoja akaniuliza kwa upole kama nimefiwa.

4. Hili ndilo zito. Yupo kijana ambaye wenzake humwita Dirisha, kwa kuwa darasani hutazama nje tu. Alikuja kuniaga: anaacha chuo, hesabu zimemshinda. Angesimama, tungeagana vizuri. Alikaa. Nikajikuta namuuliza huko nje huwa anatazama nini. Mafundi wanaoezeka jengo la jirani, akasema. Nikamchorea kanuni ileile iliyomshinda kwa paa lile, akaelewa, akacheka, akaahidi kurudi leo. Matokeo yake nalazimika kuandika upya maelezo yangu ya somo, ambayo tangu niajiriwe hayajapata kusumbuliwa na mtu.

Utaniambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikuwa naumwa.

Kwa hiyo naomba kiti kiondolewe, mlango utiwe komeo, na saa za kuonana zipangwe wakati wanafunzi wako darasani, ikiwezekana darasani kwangu.

Nisalimie wahadhiri wote, katibu muhtasi wako, na shemeji na watoto huko nyumbani.

Mtiifu wako kupita kiasi,
Mwalimu wa Hesabu, chumba cha mwisho ghorofani

Nyongeza: Saa yake imepita na Dirisha hajaja. Kiti kisiguswe kwanza. Mkoba nimeupakata, asije akachungulia akadhani kiti kina mwenyewe. Ukimwona koridoni, tafadhali mwambie mafundi wamefika kwenye pembe ngumu ya paa, nami namsubiri.