Wageni Tu

Habari ilifika benchini kabla kahawa haijachemka: njia ya kwenda baharini imefungwa.

Ukuta wa hoteli ulikuwapo miaka yote, hakuna aliyeugombea. Kilichofungwa ni lile geti dogo la pembeni, ambalo mtaa mzima ulipitia kwenda kuoga, kunyoosha miguu na kugombana na wachumba bila majirani kusikia. Sasa getini kuna mlinzi, na juu ya kichwa cha mlinzi kuna kibao.

"Ufukwe wa hoteli. Wageni tu," Wakili alisoma huku amefinya macho, maana benchi liko ng'ambo ya barabara. Huyu Wakili hakusomea sheria. Alifagia mahakama mpaka akastaafu, na mwenyewe husema vumbi la sheria lilimwingia kwa pua.

"Bahari nayo imepata mwenyewe!" Dishi, fundi redio, alijipiga paja. "Kesho tutaambiwa huu upepo ni wa vyumba vya ghorofani, sisi tuvute ule wa jalalani."

"Kesho ya nini?" Mama Birika alisema, akipuliza mkaa chini ya kahawa yake. "Mimi asubuhi hii nimeona wimbi linakuja mbio, likafika karibu, likasoma kibao, likarudi."

"Na samaki je?"

"Samaki wa upande ule huvaa taulo jeupe siku hizi. Wa upande huu ndio hao unaowaona kwenye makopo."

Wakacheka wote isipokuwa Brashi. Brashi alikaa mwisho wa benchi, mikono mfukoni. Ndiye mwandishi wa vibao wa mtaa: cha kinyozi, cha duka la dawa, mpaka kile cha "Usikojoe Hapa" ambacho watu hukisoma wakiwa katikati ya shughuli. Siku hiyo alikuwa na njaa ya mtu aliyefungiwa jiko, na kweli alikuwa amefungiwa.

Mama yake mzazi mtaa mzima unamwita Bi Binafsi. Jina la kuzaliwa hata wajukuu wamelisahau, kwa sababu mama huyo hawezi kufungua kinywa bila kutanguliza "mimi binafsi". Magoti yake hulia kama bawaba kavu, na daktari alimwambia dawa ni kutembea baharini kila asubuhi, maji yafike magotini. Akatembea, na magoti yakaanza kunyamaza. Kisha alfajiri hiyo ndipo akafika getini akakuta kibao. Alikisoma, akakitazama tena kwa muda mrefu, akarudi nyumbani. Brashi alipogusa mlango wa jiko akitafuta chai, akakuta komeo.

"Mimi binafsi," sauti ilitoka kwenye upenyo, "leo sina mtoto wa kupikia. Kale kwa hao uliowaandikia."

Hayo Brashi hakuyasimulia benchini. Alikaa nayo tumboni, mahali penye nafasi.

"Wakili, sheria inasemaje?" Dishi aliuliza.

"Sheria iko wazi kama kiraka cha suruali. Bahari ikijaa, maji yanapoishia, mpaka hapo ni pa watu wote. Hati ya mtu inaanzia pakavu."

"Na sisi tutafikaje hapo pa watu wote?"

"Hapo sheria imekohoa tu. Nadhani inataka uote mbawa."

"Yaani mali yangu, njia yake? Hiyo ni sawa na kuniambia mke ni wangu ila mlango wa chumba ni wa jirani!"

"Dishi, wewe huna mke," Mama Birika alimkumbusha.

"Ndiyo maana nazungumza bila hofu."

Mama Birika hakucheka. Alikuwa amekodolea kibao macho. "Hiyo G," alisema polepole. "Tazameni hiyo G ya 'wageni'. Mkia umepinda kama wa paka anayeomba kichwa cha samaki. Nimeiona wapi?"

Walimtazama, kisha wakatazama ubao wake mwenyewe uliosimama kando ya jiko: KAHAWA NA TANGAWIZI. Paka yuleyule, mkia uleule.

"Brashi," Wakili alisema kwa upole wa mahakamani, "toa mikono mfukoni."

"Nasikia baridi."

"Na jua hili linalokaanga kunguru?"

Dishi hakusubiri amri. Alivuta mkono mmoja, ukatoka kijani mpaka kifundoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako!"

"Kazi ni kazi, jamani."

"Hata mnyongaji husema hivyo akimaliza kufunga kitanzi." Mama Birika alikinyakua kikombe kilichokuwa kando yake. "Lete hapa. Kikombe hiki ni cha wageni tu."

"Nisikilizeni basi!" Brashi alisimama. "Meneja alitaka niandike, 'Watu wasiolala katika hoteli hii hawaruhusiwi kupita hapa.' Na ubao alionipa mfupi kama sala ya mwenye njaa. Hiyo 'hawaruhusiwi' peke yake ingeanzia getini ikaishia hapa benchini. Nikamwambia, bosi, punguza maneno. Akasema, hoteli ina nini? Ina wageni. Andika wageni tu. Nikaandika! Mtu wa brashi akiandika hasomi, ananenepesha matumbo ya herufi."

"Na mama yako?" Mama Birika aliuliza. "Magoti yake uliyanenepesha nayo?"

Brashi akaketi. Akairudisha mikono mfukoni.

Kumbe Wakili ndiye aliyesimama. Alifunga kifungo cha juu cha shati, ishara kwamba kikao kimeanza. "Rudia hapo. Alisema wageni tu?"

"Wageni tu."

"Hakusema wa hoteli? Hakusema waliolipa?"

"Ubao haukutosha."

"Mungu ambariki aliyeukata ubao huo. Mama Birika, mrudishie kikombe. Jamani, mgeni ni nani?"

"Mtu asiye wa hapa," Dishi alisema.

"Hapana. Yule asiye wa hapa ni mpita njia. Mgeni ni mtu aliyepiga hodi, akaambiwa karibu. Awe ametoka ng'ambo ya bahari, awe ametoka ng'ambo ya barabara. Ukishaambiwa karibu, hata kuku anachinjwa."

Wote wakageuka kumtazama Kirungu, mlinzi. Kijana mwenye kifua cha kabati, lakini aliyelelewa na bibi yake, na malezi yalionekana: kila mtu mzima akipita barabarani, Kirungu alikuwa akisimama.

Brashi hakumaliza kahawa aliyorudishiwa. Alikwenda nyumbani nusu mbio, akainama kwenye upenyo wa jiko, akasema aliyoyasema Wakili. Ndani kulisikika mtu akiburuta kitu kizito kutoka uvunguni.

Bi Binafsi alipotokea barabarani, hata wauza duka walitoka. Amevaa nguo ya kutokea, na mkononi ana sanduku lile alilokuja nalo siku alipoolewa, lenye kona za bati. Ndani yake mna taulo na ndala tu, lakini alilibeba kama lina hati za mji mzima. Brashi alitaka kumpokea.

"Mimi binafsi sibebewi mzigo na mtu wa hoteli," mama alisema, akampita.

Akafika getini. Akaweka sanduku chini. "Hodi!"

"Karibu, mama!" Kirungu alijibu, tena kwa kuinama, na akalichukua sanduku. Kisha akashika mdomo wake kama mtu aliyeona meno yanakimbia.

"Ahsante, mwanangu. Nimekaribia." Mguu mmoja ulishavuka.

"Mama, ngoja! Sikukusudia kusema—"

"Hukukusudia kumkaribisha mtu mzima? Bibi yako anajua?"

Kirungu akalibeba sanduku mpaka mchangani.

Benchi lilishangilia kama timu imerudisha bao. Kupitia geti lililoachwa wazi walimwona mama akishika pindo la nguo, akaingia majini taratibu, akasimama. Hakutembea kwanza. Alisimama tu, maji yakimpanda na kumshuka, na Brashi alijikuta anapumua kwa kufuata yale maji.

Meneja alitoka mbio, tai begani. "Kirungu! Huyu ni nani?"

"Mgeni, bosi."

"Wa chumba namba ngapi?"

"Hakusema chumba. Alisema hodi."

"Na nani kamkaribisha?"

"Mdomo wangu, bosi."

Mpaka alasiri mtaa mzima ulikuwa umefungasha. Wengine walikuja na mabegi ya shule, wengine na mafurushi ya nguo za kufua. Dishi alibeba godoro kichwani, akadai chumba kisichopokea mawimbi ya stesheni za matangazo ya dawa. Hodi zilipigwa mpaka Kirungu sauti ikamkauka, akabaki anakaribisha kwa mkono.

Jioni hiyo jiko lilifunguka kidogo, kiasi cha sahani kupita. Sahani yenyewe ilikuwa na mchuzi usio na cha kuogelea ndani, lakini Brashi aliilamba.

Magharibi, Meneja alivuka barabara. "Yuko wapi aliyeandika kile kibao?"

Vidole vyote vya benchi vilielekea upande mmoja. Ushirika wa benchi una mwisho.

"Futa 'wageni'. Andika 'wateja'. Wateja tu! Leo hii."

Brashi alikuna kichwa. Akiandika, komeo litarudi. Asipoandika, ataandika mwingine, na huyo mwingine mama yake hana magoti. Akachukua kopo la rangi.

Asubuhi Mama Birika alikisoma kibao kwanza, midomo ikicheza. Akazima jiko, akajitwisha birika, akalipa benchi mgongo.

"Tufuate?" Dishi aliuliza.

"Nyie ni nani wangu?"

"Wateja wako."

"Basi mnauliza nini?"

Wakapanga mstari nyuma yake kama vifaranga, Bi Binafsi mbele. Kirungu alinyoosha mikono. "Mama Birika, ni wateja wa hoteli!"

"Kibao kinasema wateja tu. Wa nani hakikusema. Na wewe, kikombe cha jana ulikunywa kwa nani?"

Kirungu aliangalia chini. Alikuwa mteja, tena wa kukopa.

Siku hiyo kahawa iliuzwa mchangani, na hata wageni wa hoteli, wale wenye vyumba, waliikimbilia ya Mama Birika wakaiacha ya hotelini. Hilo ndilo lililomchoma Meneja kuliko yote. Alivuka barabara tena, safari hii bila tai.

"Wewe! Nipe neno moja. Neno moja ambalo hawa watu wako hawawezi kulipinda!"

Wakili alianza kufunga kifungo cha juu. Brashi akamzuia kwa mkono wa kijani. Kwa mara ya kwanza tangu habari ya ubao ianze, alikuwa amesoma kabla ya kuandika.

"Bosi, shida iko kwenye 'tu'," alisema kwa unyenyekevu wa fundi. "Ukisema fulani tu, kila mtu anataka kuwa huyo fulani. Usitaje watu. Andika UFUKWE BINAFSI. Nukta."

Kahawa ya Dishi ilitokea puani.

Meneja, mgeni wa mwezi mmoja katika mtaa huo, alilitafuna lile neno. "Binafsi. Ufukwe binafsi." Akatabasamu. "Safi. Hilo lina meno."

"Na magoti," Mama Birika alinong'ona ndani ya birika.

Brashi aliandika usiku huo vizuri kuliko alivyowahi kuandika. Herufi zilinona, zikang'aa, kila moja imekaa sawa kama imealikwa.

Kulipokucha, Bi Binafsi alikuja bila sanduku. Kirungu alimwona tangu mbali, akafurahi kama mwanafunzi aliyepata swali alilolikariri. "Mama, shikamoo! Leo pole, leo haiwezekani kabisa. Soma mwenyewe. Ufukwe Binafsi."

"Marahaba. Nimeona. Mimi binafsi sikujua mwanangu ana mkono mzuri hivi." Akaegemea fimbo. "Kirungu, hapa mtaani mimi naitwa nani?"

"Si unaitwa Bi..."

Akakitazama kibao. Akamtazama mama. Akarudi kwenye kibao, midomo ikitamka bila sauti. Kisha akafungua geti mpaka mwisho, akasimama wima, na safari hii hakusema karibu. Mwenye nyumba hakaribishwi.

Bi Binafsi akavuka, akageuka kulitazama benchi, ambalo lote lilikuwa limesimama.

"Kirungu, wale ni wageni wangu. Waache wapite." Akainua fimbo, akamwelekezea wa mwisho. "Ila huyo mwenye rangi mikononi arudi kwanza nyumbani. Jiko liko wazi, vyombo vya siku zote hizi vinamsubiri."