Muhuri wa Kandambili

Obed wa Bulyaga hakuwa na shamba wala mche, ila mdomo alijaliwa. Kwa mdomo huo alimwaminisha baba yake Lilian, binti aliyetaka kumwoa, mzee wa kanisa, kwamba yeye ni mfanyabiashara wa parachichi. Mzee akamjibu kwa upole: lete matenga mawili Jumamosi tuyaone, ndipo tuongee habari za posa.

Basi alipomkuta mkulima mmoja, mama Vaileth, kule Kisondela akipanga parachichi kwenye matenga, ametandika majani makavu ya mgomba zisichubuke, Obed akaona neema imejileta. Kesho yake akarudi, tai shingoni, kandambili miguuni, na mzigo wa majani ya mgomba kama yaleyale, aliyoyaokota bure kijiji cha Ikuti. Kila jani lilikuwa na muhuri aliouchonga kutoka kisigino cha kandambili: RAFIKI WA MAZINGIRA.

Akahubiri. Wanunuzi wa nje wamekataa viroba, plastiki wanaikimbia kama ukoma. Wanataka majani, tena yaliyosajiliwa.

"Na haya yangu?" mama Vaileth akauliza.

"Hayo takataka, mama. Lenye muhuri ndiyo mali. Jani moja linazidi parachichi lenyewe."

Macho ya mama yakang'aa. Obed akadhani ni tamaa. Wakaafikiana: mzigo wa majani kwa matenga mawili ya parachichi. Akaongeza na sharti la kitaalamu, maana uongo bila masharti haunogi: tenga likishashonwa lisifunguliwe njiani, usajili unakufa.

Mgeni haondoki kwa mama Vaileth bila kula. Obed akashindiliwa ndizi na maharage ndani, huku nje mama akipakia na kushona. Matenga yalikuwa mazito mpaka bodaboda akaguna.

Jumamosi mzee akakata kamba mbele ya wajomba. Juu, safu moja ya parachichi. Chini yake, majani ya muhuri. Chini kabisa, vipande vya shina la mgomba, vibichi, vinalowesha zulia.

Obed akapiga simu, ile simu yake isiyojua kunong'ona. Sebule nzima ikamsikia mama Vaileth:

"Mwanangu, si ulisema jani moja linazidi parachichi? Nikaona nisikupunje. Ndaga fijo, asante sana."

Mzee akaokota jani, akausoma muhuri taratibu, kisha akatazama viatu vilivyovuliwa mlangoni.

"Lilian," akasema, "mpe mgeni kandambili zake. Ni hizo, moja ina tundu kisiginoni."